DAC ya kuunda mwenyewe, ESP32 na PCM5102A, inakwaruza na kuvuma, msaada wakuu

Mnyalu_Kihesa

Kamwene wakuu. Niko Iringa hapa Kihesa, nina amplifaya ya mzee, zile nzito za Kijapani zenye trafo kubwa ndani, bado inapiga vizuri kabisa ila haina bluetooth wala tundu la flashi, ina AUX tu kwa nyuma. Sikutaka vile vidude vya bluetooth vya kuchomeka vinavyotangaza kwa Kiingereza kila ukiunganisha simu, nikasema ngoja niunde DAC yangu, yaani kifaa cha kugeuza muziki wa digito kuwa sauti ya kuingia kwenye amplifaya.

Nimetumia ESP32 (kabodi kadogo ka kompyuta kenye bluetooth) ya kawaida yenye pini 30, ndani nimeweka laibrari ya ESP32-A2DP ya kupokea muziki wa bluetooth, sauti inatoka kwa I2S (njia ya kupitisha sauti ya digito) inaingia kwenye moduli ya PCM5102A ile ya zambarau. Nimeunga hivi: BCK (saa ya biti) pini 26, LCK (saa ya kushoto na kulia) pini 25, DIN (data) pini 22, umeme wa moduli nimechukua kwenye 3.3V ya ESP32 na graundi kwa graundi. SCK (saa kuu) sijaiunga popote, mchoro niliofuata haukuonyesha kitu hapo.

Simu inaunganika na muziki unatoka, hapo sina shida. Ila kuna mkwaruzo kama redio iliyopotea stesheni, unakuja unaondoka, na cha ajabu nikisogeza kidole karibu na moduli unabadilika, nikigusa kwenye pini sehemu fulani muziki unatulia safi kabisa kama nusu dakika halafu unarudi tena, kuna wakati unakata sauti yote. Halafu hata nikisimamisha wimbo bado kuna ka-tik tik tik kwa mbali. Na nikitumia chaji ya simu ya ukutani kunakuwa na mvumo mzito mmmmm ambao hata ukipunguza volyumu ya simu hausogei.

Nimebadilisha waya wa AV, nimeweka ESP32 nyingine, ni vilevile. Jamaa mmoja kaniambia moduli hizo nyingi ni feki niagize nyingine Kariakoo. Kabla sijatuma hela nikasubiri parseli ya basi nimeona niulize huku.

risasi_moto

Chipu uisingizie mwisho kabisa mdogo wangu. Mimi niko Mwanjelwa, hizo moduli za zambarau zimepita sana mezani kwangu na karibu zote zilizokuja zinalia hivyo chipu ilikuwa nzima.

Mkwaruzo unaobadilika ukisogeza kidole maana yake kuna pini inaelea. Pini isiyoungwa popote usidhani ni sifuri, si sifuri wala si 3.3V, inasoma chochote kinachopita hewani ukiwemo mwili wako. Na wewe umejitaja mwenyewe, SCK iko wazi. Chipu hii PCM5102A inaweza kutengeneza saa yake ya ndani kutoka kwenye BCK, ndo uzuri wake, ndo maana haihitaji waya wa nne kutoka ESP32. Lakini inafanya hivyo pale inapoikuta SCK imetulia graundi. Ukiiacha inaelea inadhani kuna saa inaletwa kutoka nje, inahangaika kuifuata, matokeo ndo hayo ya redio iliyopotea stesheni. Upande wa mbele wa moduli karibu kabisa na tundu la SCK kuna vijipande viwili vidogo vya shaba vimeachwa wazi makusudi, weka tone la risasi ya kuchomelea viungane. Au kama mkono unatetemeka vuta waya mfupi kutoka tundu la SCK mpaka GND, ni kilekile.

Sasa geuza moduli, na hapa ndo wengi wanaporuka. Nyuma kuna safu nne zimeandikwa 1, 2, 3, 4, kila safu ina vijipande vitatu, upande mmoja H (juu, 3.3V) upande mwingine L (chini, graundi) na cha katikati. Namba 1 ni FLT (chujio), 2 ni DEMP (kushusha sauti za juu), 3 ni XSMT, 4 ni FMT (mpangilio wa data). Baadhi zinakuja zimeshachomelewa, nyingine zinakuja wazi zote na hakuna karatasi ya kukueleza. Zinatakiwa ziwe 1 L, 2 L, 3 H, 4 L. Hiyo namba 3 ndo ya hatari kwako, XSMT ni pini ya kunyamazisha, ikiwa juu chipu inaimba, ikiwa chini inanyamaza, ikielea inaimba pale inapojisikia. Namba 4 ikienda H chipu inasoma data kwa mpangilio mwingine, kila namba inasomwa imesogea hatua moja na ile alama ya chanya au hasi inapotea, hapo muziki unatoka umechanika vibaya mpaka unaweza kudhani spika imekufa.

Piga picha ya nyuma utume. Na una mita?

Mnyalu_Kihesa

Shikamoo fundi. Mita ninayo ya digito. Sijapiga picha bado ila nimeangalia sasa hivi kwa tochi, nyuma zote nne ziko wazi, hakuna hata tone la risasi!!

risasi_moto

Marahaba. Basi weka mita kwenye voti DC, waya mweusi kwenye GND, mwekundu gusa kijipande cha katikati cha namba 3, uniambie. Usishangae ikiwa inarukaruka.

Pasi iwe na ncha nyembamba, na kabla ya kuweka risasi pitisha fluksi kidogo. Kila tone liunganishe katikati na upande mmoja TU. Ukiunganisha vyote vitatu umeunga 3.3V na graundi moja kwa moja, regyuleta itapata moto na hautapenda harufu yake.

Kyela_Stereo

Mimi huwa nacheka nikiona mtu ananunua moduli tayari halafu anasema kaunda DAC. DAC ya kuunda ni ngazi ya rezista bwana, R na 2R, unapanga rezista zako mwenyewe, kila biti ina mguu wake, umeme unagawanyika nusu, nusu ya nusu, unaenda hivyohivyo mpaka biti ya mwisho. Miaka ya 80 watu walikuwa wanachomeka ngazi ya namna hiyo kwenye tundu la printa la kompyuta na wanapiga muziki. Hakuna cha SCK wala XSMT hapo.

dogo_wa_Iyunga

Kaka Kyela hilo la printa kweli, lakini ilikuwa biti 8, hatua 256 basi. Biti 8 inakupa kama 50 dB kati ya sauti kubwa kabisa na makelele, biti 16 ni kama 98. Ukisikiliza kwaya ikiimba pole pole kwenye biti 8 unasikia mchanga unamwagika nyuma ya sauti. Na kama mtu anataka biti 8 tu ESP32 ya kawaida inayo DAC yake ya ndani kwenye pini 25 na 26, hata rezista moja hauhitaji.

Tufanye hesabu ya biti 16 kwa rezista za dukani za asilimia 1. Biti 16 ni hatua 65,536. Rezista ya mguu wa biti ya juu ikikosea asilimia 1 peke yake, pale katikati ambapo biti ya juu inawaka na zote za chini zinazima, kosa ni nusu asilimia ya kipimo chote, yaani kama hatua 328 kwa mkupuo. Biti zako zote za chini zimekuwa mapambo hapo. Na katikati ndo muziki unapopita kila sekunde maana wimbi linavuka sifuri muda wote, kwa hiyo sauti ndogo ndo zinaumia zaidi. Wanaotengeneza ngazi nzuri wanatumia rezista za usahihi wa hali ya juu sana na bei yake unaijua. Tulijaribu chuo ya biti 8 kwa kuchagua rezista moja moja kwa mita, ilitoka poa, kujifunza ni nzuri mno. Kwa amplifaya ya mzee wa watu aendelee na moduli yake.

Kyela_Stereo

Nimekubali hesabu ila raha ya ngazi hamuijui.

dada_volti

Kaka Kihesa, fundi hapo juu kamaliza upande wa mkwaruzo, mimi nizungumzie hiyo tik tik na mvumo maana ukishachomelea hizo pini zitabaki, na utarudi hapa unasema moduli ni feki. Una magonjwa matatu usitafute dawa moja.

Tik tik ni redio ya ESP32 yenyewe. Bluetooth haivuti umeme kwa utulivu, inatuma kwa vipande vifupi vifupi, kila kipande kinavuta zaidi ya 100 mA halafu inaachia. Kila ikivuta, ile 3.3V inadidimia kidogo, na wewe umeifunga DAC kwenye waya huohuo, kwa hiyo DAC inakusomea kila bluetooth inapopumua. Na kuna jambo jingine, VIN ya moduli ya zambarau haiendi moja kwa moja kwenye chipu, inapita kwenye regyuleta yake ndogo ya 3.3V iliyo palepale kwenye bodi. Sasa regyuleta ya 3.3V ukiipa 3.3V itachuja nini? Haina nafasi ya kufanya kazi, inapitisha tu kila kinachokuja na uchafu wake. Hamisha VIN ya moduli iende kwenye VIN ya ESP32 ambayo ukiwa unatumia USB inatoa karibu 5V, hapo regyuleta ya moduli itakuwa na kitu cha kukata.

Karibu na moduli weka kapasita ya 470 uF au 1000 uF ya 10V au zaidi kati ya VIN na GND, na sambamba nayo ile ndogo ya kauri iliyoandikwa 104. Kubwa inashika midadimio ya pole pole, ndogo inashika ya haraka, kubwa peke yake haiwezi kazi ya ndogo.

Graundi nayo. Usiifuatishe mlolongo kwamba chaji inaingia ESP32, kutoka ESP32 inaenda moduli, kutoka moduli inaenda AUX kwa ule uwaya mmoja mwembamba wa majaribio. Umeme wote wa ESP32 ukirudi kwa njia ileile ambayo sauti inatumia kama sifuri yake, sifuri yenyewe inacheza. Chagua sehemu moja, mimi huwa natumia mguu hasi wa ile kapasita kubwa, kila graundi ije pale kwa waya wake. Na waya za I2S ziwe fupi, BCK ya muziki wa 44.1 kHz ni 1.4 MHz au 2.8 MHz kutegemea programu inatuma biti ngapi, uwaya mrefu wa majaribio kwa spidi hiyo ni antena. Zikibidi kuwa ndefu weka rezista ya ohm 33 kwenye BCK upande wa ESP32.

Mvumo jibu swali hili kwanza: ukitumia pawabenki badala ya chaji ya ukutani unabaki au unaondoka?

Mlima_Kitulo

Mimi natokea Makete natumia sola, naomba niongeze kwa wenzangu wa sola maana hili lilininyima raha. Yangu ilikuwa inalia mluzi mchana tu, usiku kimya. Asubuhi kimya vilevile, ukianza kufika saa sita saba mluzi unaanza. Nikahangaika na DAC bure.

Kumbe ni chaji kontrola, hizi za bei ya chini za PWM. Asubuhi betri ikiwa na njaa kontrola inaunga paneli moja kwa moja, haina kelele. Betri ikikaribia kujaa inaanza kuwasha na kuzima paneli mara nyingi kwa sekunde ili isiizidishie, ndo mluzi wenyewe. Na nyingi za hizi upande wa chanya ndo umeungana ndani, wanakata upande wa hasi. Kwa hiyo hasi ya tundu la USB la kontrola si lazima iwe hasi ya betri! Nilikuwa nimefunga amplifaya ya gari moja kwa moja kwenye betri na DAC kwenye USB ya kontrola, waya wa AV ukawa ndo unaunganisha hizo hasi mbili. Nilipohamisha vyote vichukue umeme kwenye betri, DAC ikapitia kale kakibadilishi ka LM2596 ka kushusha 12V kuwa 5V na fyuzi yake, mluzi ukaisha.

Mnyalu_Kihesa

Wakuu nimerudi. Nimesota nayo jana usiku huku baridi la Julai linajua kazi yake, pasi inachelewa kupata moto na mikono inakufa ganzi.

Fundi risasi_moto namba 3 nilipopima ilikuwa inarukaruka, mara 0.4 mara 1.9, nikisogeza mkono inapanda. Nimechomelea 1 L, 2 L, 3 H, 4 L na SCK nimeishusha graundi. Sasa hivi katikati ya namba 3 inasoma 3.3 haitikisiki na nyingine zote sifuri. Mkwaruzo UMEKWISHA. Nimegusa kila mahali, nimewasha simu karibu, hakuna kitu.

Dada volti nimehamishia moduli kwenye VIN, kapasita nilikuwa nayo ya 1000 uF nimeichomoa kwenye bodi ya deki mbovu, nikaipima nikaona bado iko vizuri, graundi zote nimezipeleka mguu mmoja kama ulivyosema. Tik tik imebaki kidogo sana mpaka uweke sikio kwenye twita ya spika ndo uisikie, kwa kukaa kwenye kochi haipo.

Mvumo: nikitumia pawabenki unaondoka wote, kimya kabisa. Lakini pawabenki yangu inajizima yenyewe nikisimamisha muziki kwa muda. Halafu nikiirudisha kwenye chaji ya ukutani mmmmm palepale. Nimejaribu chaji tatu, zinatofautiana ukubwa wa mvumo tu. Na nikigusa bodi ya chuma ya amplifaya kwa mgongo wa kidole nasikia ka-msisimko kama kunatambaa sisimizi.

dada_volti

Pawabenki inajizima kwa sababu ikiona kitu kinavuta umeme mdogo inadhani simu imejaa. Sio mbovu, zimetengenezwa hivyo.

Hako ka-msisimko ndo jibu lenyewe. Ndani ya chaji za simu kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa 230V na upande wa 5V, imewekwa ili chaji isisumbue redio. Chaji ya pini mbili haina ethi (waya wa kwenda ardhini), kwa hiyo umeme mdogo sana unavuja kupitia hiyo kapasita unatafuta pa kwenda, na njia uliyoipa ni ganda la waya wa AV mpaka kwenye chuma cha amplifaya. Umeme huo ni wa 50 Hz umechanganyika na takataka za swichi ya chaji. Ndo maana volyumu ya simu haiugusi, haupiti kwenye simu.

Tafuta trafo ndogo ya chuma ya 9V, zile za kwenye redio mbovu au adapta za zamani nzito. Daraja la dayodi, kapasita 1000 uF ya 25V, halafu 7805 (regyuleta ya 5V). Volti 9 ikishapitishwa kwenye daraja inakuwa kama 11, 7805 inakata 6 hivi, kwa 150 mA ni kama wati moja ya moto, ipe kipande cha alumini. Usitumie trafo ya 6V, 7805 inataka angalau 7V mlangoni na umeme wetu wa jioni ukishuka itakuwa inavuma tena. Upande wa 230V uweke fyuzi na ufunike, usiache waya wazi na watoto wanapita.

Na tafadhali usije ukasikiliza wa kukwambia ukate ethi ya kitu chochote ili mvumo uishe.

Kyela_Stereo

Kama trafo ya 9V haipatikani kuna zile modemu za zamani za simu za mezani, ndani kuna katrafo ka sauti ka ohm 600 kwa 600, unakaweka kwenye njia ya sauti, kamoja kila upande, DAC na amplifaya vinakuwa havigusani kwa waya. Mvumo unakata. Besi inapungua kidogo kwa sababu vyenyewe ni vidogo, vilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo.

dogo_wa_Iyunga

Hapo kaka Kyela umecheza.

Mnyalu_Kihesa

Ndaga fijo kwa watu wa Mbeya wote. Adapta ya zamani ya 9V nimeipata ya simu ya mezani, nimeifungua ni trafo kweli na inatoa AC, nimefanya kama dada alivyoeleza. Kimya. Mzee kaja kasimama mlangoni kauliza ni redio gani hiyo.

La mwisho wakuu. Nikipandisha simu mpaka mwisho sauti inapasuka hata kama nobu ya amplifaya iko chini sana. Nikishusha simu kama robo tatu inakuwa safi. Ni chipu au amplifaya?

risasi_moto

Ni vyote havina kosa. PCM5102A ikipiga sauti kamili inatoa volti 2.1, na amplifaya za umri wa huyo mzee AUX yake ilitegemea kaseti deki, kiasi kama nusu volti hivi. Unaijaza mlangoni kabla hata sauti haijafika kwenye nobu, ndo maana kuishusha nobu hakusaidii.

Gawanya kwa rezista mbili kila upande, 10k inakuja na sauti halafu 4.7k kutoka hapo kwenda graundi, AUX ichukue katikati yao. Hapo 2.1 inabaki kama 0.67. Ukitaka zaidi badilisha 4.7k uweke 3.3k. Na usije ukachomeka hedifoni kwenye hiyo moduli, haikutengenezwa kusukuma mzigo wa chini ya 1k, hedifoni ya ohm 32 itaifanya ichanike sauti tu.

dada_volti

Hizo rezista zichomelee upande wa jeki ya amplifaya, siyo upande wa DAC. Ukiziweka upande wa DAC waya mzima wa AV unakuwa unabeba sauti dhaifu kupitia rezista kubwa, na hiyo trafo ya amplifaya iliyo karibu itaanza kukuimbia humo.

Mnyalu_Kihesa

Sawa dada, jeki naifungua jioni. 3.3k sina, nina 4.7k za kutosha, naanza na hizo.